Meza ya Chumvi

Nyinyi vijana wa hapa Malukhu mnaokuja kukaa kwenye baraza yangu, nawajua. Mnaanza kwa kunisalimia, mnauliza hali ya goti langu, mnasifia chai, halafu mnazungukazunguka mpaka mnafika pale pale: Jaja, nyanya yetu, wewe ulifikaje Ulaya? Juzi Wafula, huyu anayeuza vocha za simu hapo njia panda, hakuzunguka hata kidogo.

"Jaja, hii ya samaki sisi nasikia kila siku," alisema. "Sisi nataka njia. Njia ya kwenda Uraya."

"Njia ni ndege," nikamwambia. "Ukishuka utafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote, Jaja. Kazi ni kazi."

Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Mimi, Hadija binti Twaibu, mzaliwa wa Wanyange kando ya ziwa, nimetia dagaa chumvi sehemu kubwa ya maisha yangu katika mji mmoja mdogo wa Wakatalani, kando ya Bahari ya Mediterania, na kazi hiyo haikuwa "yoyote". Jina la mji sitalitaja. Wenyeji wake wengi wako hai, wana simu, na ni wepesi wa kununa.

Nilikwendaje? Niseme mara moja tuyamalize. Mhandisi mmoja alikuja Jinja na mkewe na watoto wao wadogo, nami nikawa yaya wao. Mkewe alizaliwa katika mji huo ninaousema. Muda wao ulipokwisha, watoto walikataa kupanda gari bila mimi, mama yao akanitafutia karatasi. Njia yangu ndiyo hiyo, haina siri, na hamwezi kuipita tena. Watoto walipokua wakaanza kuona haya kushikwa mkono barabarani, nami nikavuka barabara. Ng'ambo ya nyumba yao palikuwa na nyumba ya kutia dagaa chumvi, na mwenye nyumba alikuwa akitafuta mikono.

Mikono nilikuwa nayo. Mama yangu aliuza mukene, hawa dagaa wetu wa ziwani. Siku hizi mnawaona wameanikwa juu ya vichanja vya wavu, wasafi, wanapigwa na upepo juu na chini. Zamani zetu walimwagwa mchangani, tukawageuza kwa ufagio, na jua likafanya kazi yake. Mkenya mmoja, Bwana Njoroge, alikuwa akija na lori kutoka Busia kununua magunia. Kila safari alichota konzi moja, akaipuliza, akamtazama mama.

"Mama Hadija, hii omena yako iko na mchanga kuliko samaki. Sasa mimi nanunua samaki ama nanunua ufuo?"

"Mchanga ni wa bure, bwana," mama alimjibu. "Nimekuongezea."

Kwa hiyo mtoto wa Wanyange alijua jambo moja kabla hajajua kusoma: samaki huoshwa. Anaoshwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na ukikuta chembe ya mchanga kwenye jino, umeaibisha nyumba. Na mimi nilikwenda Ulaya na malezi yangu.

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ile nilikabidhiwa kikapu cha dagaa wa bahari, wanene kuliko wetu, wamelowa damu na magamba. Mwenye nyumba aliitwa Remei. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mikono imekuwa myekundu kwa chumvi, mjane, mkali wa macho kuliko wa maneno. Akatoka kwenda kupokea magunia, akaniacha na kikapu. Nikasema moyoni, hapa ndipo watakapojua kwamba nimelelewa. Nikafungua bomba. Nikawaosha dagaa wale mara tatu mpaka maji yakatoka safi kama ya kunywa, na samaki wenyewe wanang'aa.

Remei aliporudi, wanawake waliokuwa mezani waliacha kazi. Montse, mpwa wake, alijiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kikapu, natabasamu, nasubiri kusifiwa.

Sikilizeni, maana hili hamtalipata pengine. Dagaa wa kutiwa chumvi haguswi na maji matamu. Nyama yake hulegea, na ile damu uliyoisafisha ndiyo ambayo ingekaa na chumvi miezi na miezi na kumpa ladha. Ukimwosha kisha ukamweka ndani ya pipa, siku ya kufungua unakuta uji.

Remei hakunifokea. Alitazama kikapu, akanitazama mimi, akateremsha kikaango kikubwa ukutani. Akawapaka unga dagaa wangu wote, akawakaanga, na mchana ule nyumba nzima ikala kosa langu kwa mkate.

"Kwenu samaki huoshwa?" akaniuliza, anatafuna na miiba yake.

"Mara tatu."

"Kwa nini?"

"Tunawaanika mchangani."

Alifikiri kidogo. "Basi hukukosea kazi," akasema. "Ulikosea mji. Ongeza mkate."

Tangu siku hiyo nilimpenda, ingawa kupendeka hakukuwa kazi rahisi kwake. Alinifundisha kila kitu kwa kidole gumba. Samaki anafunikwa kwanza na chumvi ya mawe, atulie. Kisha unamshika nyuma ya matamvua, unabana kwa kidole gumba, unavuta chini, kichwa kinatoka na matumbo yake kwa mkono mmoja tu, bila kisu. Usiyatoe matumbo yote. Hapo ndipo wageni wote hukosea, wanataka usafi. Kidogo kinachobaki ndicho kinachoivisha nyama. Halafu unawapanga ndani ya pipa kwa duara, mkia ndani, shingo nje, tabaka la samaki, tabaka la chumvi, mpaka juu. Unafunika kwa ubao, unaweka mawe. Baada ya siku chache maji mekundu yanapanda yenyewe. Usiyamwage, hata kama yanakutisha. Yakipungua, ongeza maji ya chumvi.

Na pipa halifunguliwi kwa kalenda. Kama kiangazi kilikuwa kikali, huwahi. Kama kulikuwa na ubaridi, huchelewa. Remei alikuwa akichomoa dagaa mmoja, anampitishia kidole mgongoni, anaona kama nyama inaachana na mfupa bila kuchanika, halafu ananipa kipande.

"Unasemaje?"

"Mtamu."

"Sikukuuliza kama ni mtamu. Mtamu hata mtoto anamjua. Nimekuuliza kama yuko tayari."

Ilinichukua miaka kujibu swali hilo bila kubahatisha.

Baadaye mambo yalibadilika, kama yanavyobadilika hapa. Mapipa ya mbao yakaondoka, yakaja ya plastiki. Mawe yakawekwa nje, yakaja mashinikizo ya chuma. Tukavalishwa kofia za nailoni na glavu. Remei alikata ncha ya glavu ili kidole gumba kitoke, na mkaguzi akiingia alitia mkono mfukoni, akamsalimia kwa kichwa kama malkia. Dagaa wenyewe wakapungua baharini, wakawa wadogo, tukaanza kupokea wengine kwa malori kutoka bahari za mbali. Wavuvi wa kule walilaumiana kama wavuvi wa Wanyange wanavyolaumiana leo, kila mmoja anajua nyavu za mwenzake zina matundu madogo.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za mji. Historia yake sikuisoma popote. Niliisikia mezani, mikono ikiwa kazini, na wanawake wakibishana. Ukikaa na watu ambao vidole vyao vina shughuli, midomo yao husema kweli nyingi.

Walisema Wagiriki walifika kwanza kwa merikebu zao, wakajenga mji wao jirani. Kuta zake bado zipo, urefu wa kiuno, na Montse alipewa busu lake la kwanza nyuma ya mojawapo, jambo ambalo lilitajwa kila mara Wagiriki walipotajwa. Wakaja Warumi, nao walitia samaki chumvi katika mashimo ya mawe. Baadaye chumvi ikawa mali ya mfalme. Ilihifadhiwa ndani ya jumba kubwa ufukweni lenye walinzi mlangoni, na mvuvi alipimiwa kidogo tu. Nyanya zao walipita mbele ya walinzi wale wamefunga vifuko vya chumvi ndani ya sketi, wanatembea taratibu kama wajawazito. "Mji mzima ulikuwa na mimba," Remei alikuwa akisema, "na hakuna mtoto aliyezaliwa."

Kisha milimani juu ya mji walipanda mizabibu, akaja mdudu akala mizizi yote, wanaume wakapanda meli kwenda Kuba. Wachache walirudi matajiri, wakajenga nyumba zenye mitende mbele ya mlango. Wengi hawakurudi wala kuandika. Ikaja vita yao, ndugu kwa ndugu, na jenerali aliyeshinda akakikataza Kikatalani shuleni na ofisini. Remei alikuwa mtoto. Alipigwa rula kiganjani kwa kuomba maji kwa lugha ya mji wao.

Siku aliyotueleza hilo nilikumbuka jambo, nikalisema. Baba yangu alikuwa Mwislamu mwuza nguo, akitembeza vitambaa na kanzu kutoka Jinja mpaka Buwenge, na lugha yake ya biashara ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa kwa wazee wote wa msikiti. Lakini nyinyi mmesikia habari za miaka ile ya askari. Kwenye vizuizi vya barabarani ilikuwa ni Kiswahili, simama, shuka, lala chini. Watu wakakichukia kabisa. Jioni moja baba alirudi na mzigo ule ule aliotoka nao asubuhi, hajauza hata kipande. Akaketi, akasema, "Hadija, leo wamenikimbia kwa sababu ya hodi." Alikuwa amebisha mlango wa mtu kwa lugha yake, na watoto wakatokea dirishani wakatimua mbio mpaka shambani. Baba yangu hakushika bunduki maishani mwake. Alishika futi ya kupimia nguo.

Wanawake waliacha kubana samaki. Kisha Montse akasema, "Kumbe hata kwenu lugha huvalishwa sare." Nikajisikia nimekaa karibu nao zaidi kuliko siku zote zilizotangulia.

Kulikuwa na habari moja tu iliyokuwa ikinikaa kooni, nayo ni ya maharamia. Zamani za zamani walivuka kutoka pwani ya Afrika ya Kaskazini, Waislamu, wakashambulia pwani ile, wakateka watu. Ndiyo sababu nyumba za zamani zimejengwa mlimani mbali na maji, na minara ya kulinda imesimama kila penye mwinuko. Mpaka juzi juzi nyanya akitaka mtoto alale alimwambia, "Wamoro wanakuja," maana ndivyo walivyowaita Waislamu hao wa ng'ambo. Siku moja nilimuuliza Remei, "Kwa hiyo huyo wa kutishia watoto ni mimi?" Akacheka mpaka akalazimika kuweka samaki chini. "Wewe ungewatisha kwa lipi? Ungewaosha tu."

Sasa, kila mwaka mji huo hufanya Tamasha la Chumvi. Watu huvaa nguo za mababu. Mashua huleta magunia ya chumvi ufukweni kama zamani, na meza ndefu hutandikwa mchangani. Mezani huketi wanawake watia chumvi, kila mmoja nyuma ya pipa la nyumba yake, vitambaa vyeusi kichwani, na watu hupanga foleni kuwatazama na kuwauliza. Mchana mashua ya maharamia huzunguka jabali kwa ngoma na kelele. Haramia mkuu hushuka, huenda mpaka mezani, humshika mwanamke mmoja mkono na kutangaza kwamba amemteka. Hapo watu wote hupaza sauti wakitaja jina la mwanamke huyo na la nyumba yake, wanaita na kuita, mpaka haramia ashindwe amwachie. Ni mchezo, lakini una asili. Waliotekwa kweli walikombolewa na wenzao waliochanga kwa ajili yao. Asiyekuwa na wa kumtaja alibaki ng'ambo akazeekea utumwani. Kwa sababu hiyo mgeni hatekwi katika tamasha. Haramia huchukua mwenyeji tu, na wanawake wa mji ule hukumbuka mwaka waliotekwa kama wanavyokumbuka mwaka wa harusi.

Miaka mingi mimi nilifanya kazi ya nyuma. Niliandaa samaki, nikabeba vikapu, nikatazama nikiwa kwenye umati. Lakini wale watu wazima waliokuwa wakikaa mezani walianza kufa mmoja mmoja, viti vikabaki wazi, na katika nyumba ya Remei aliyejua kazi baada yake ni mimi. Mwaka mmoja nikajua kwamba sasa wataniita. Nilikwisha hata kuamua kwamba mtandio wangu wa kila siku ungetosha, kitambaa cheusi cha nini tena.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Quim, mwoka mikate. Mtu mwema kabisa. Kila Ijumaa aliniwekea mkate usiopakwa mafuta ya nguruwe, bila kuombwa. Akaja hadi mlangoni, uso umejaa furaha.

"Hadija, mwaka huu na wewe umo!" akasema. "Tumekuweka kwa maharamia. Kilemba tunacho, upanga wa mbao tunao. Utapendeza sana."

Nikasema asante. Mdomo una adabu zake, hutangulia kabla moyo haujasikia. Nikarudi mezani, nikashika dagaa, kidole gumba kikakataa kubana.

Niliumia, wanangu. Nasema wazi kwa sababu nyinyi mnadhani huko watu wanaumizwa na watu wabaya tu. Mtu mbaya ningemjibu. Huyu aliniletea zawadi mkononi, na ndani ya zawadi kulikuwa na jibu la swali ambalo sikuwahi kuliuliza kwa sauti: miaka yote hii, wananiona nimesimama upande gani? Mimi nilijiona nimekaa nao. Yeye aliniona nashuka kwenye mashua. Sikutaka sifa, sikutaka picha yangu ukutani. Nilitaka kiti kimoja kwenye meza ile, na nilikitaka kiasi kwamba nilifikiria kurudi Jinja mwezi ule ule nisipokipata.

"Quim hana ubaya," Montse alisema nilipowaeleza. "Kichwa chake tu kimejaa unga."

Remei aliendelea na kazi. Akamaliza tabaka zima, akalimwagia chumvi, akalisawazisha kwa kiganja. Ndipo akasema, hatazami mtu, "Mama yangu alifika hapa kutoka kusini, mbali na bahari, na sanduku moja la mbao. Walimwita majina. Alitia chumvi katika nyumba hii mpaka akafa, na alikuwa hodari kuliko mimi. Hakuna haramia aliyewahi kumteka."

Nilikuwa nimemjua miaka yote ile, na sikujua kwamba mama yake alikuwa wa kuja. Nilisubiri aendelee. Akaniambia nilete pipa jingine.

Kwa Quim nilituma jibu kwamba goti linanisumbua, mashua siiwezi. Siku moja kabla ya tamasha Remei akaniagiza, "Kesho wewe upeleke kikapu mezani. Mimi nitakuja kwa njia yangu." Nikafikiri ni miguu. Alikuwa mzee, mchangani hakutembea vizuri.

Asubuhi nilifika na kikapu. Wanawake wote wameketi, mapipa mbele yao, na kiti cha Remei kitupu. Tukasubiri. Jua likapanda. Dagaa mbichi juani hana subira, mnajua, na foleni ilikwisha kuanza.

"Kaa," Montse akaniambia.

"Kiti si changu."

"Kaa, Hadija. Samaki hawajui itifaki."

Nikakaa. Nilimwona Quim kule mbali akizipekua karatasi zake. Nikatia mkono kikapuni, kidole gumba kikakumbuka kazi yake. Mama mmoja akaniuliza kwa nini naacha matumbo kidogo, nikamweleza. Mtoto wake akataka kujaribu, nikampa mmoja, akampasua katikati, tukacheka. Kwa muda fulani nilisahau kabisa kwamba nimekaa kwa sababu ya kiti kitupu.

Kisha ngoma. Mashua ikazunguka jabali, vijana wamejipaka masizi, watoto wakipiga mayowe ufukweni. Na mbele kabisa ya mashua, amekalia pipa, kilemba cha kitambaa cha meza kichwani, masharubu ya mkaa mpaka mashavuni, upanga wa mbao mkononi, alikuwa Remei. Mji mzima ulicheka kwa pamoja. Vijana wawili walimbeba wakamshusha mchangani, akaja kwa hatua zake fupi, amewashika mabega, anawatukana kwa kwenda taratibu. Watu wakampisha. Akafika mezani. Akapita mbele ya Montse. Akasimama mbele yangu, akanikamata mkono wangu wenye chumvi.

"Namteka huyu," akasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo. "Mwanamke wa mji huu!"

Kicheko kikakatika. Nilisikia mawimbi. Nilisikia kitambaa cha meza kikipigwa na upepo. Watu walinitazama, wakatazamana, na hakuna aliyesema kitu. Si kwa chuki. Walikuwa hawajajua kama mchezo unaendelea au umeharibika. Mimi nilitazama samaki, na nikawaza kwamba hivi ndivyo walivyosimama waliotekwa, wanangojea kama kuna mtu. Mkono wa Remei haukuniachia. Ukanibana zaidi.

"Hadija!"

Sauti moja, ya mwanamume, kutoka nyuma. Ilikuwa ya Quim. Karatasi zake zilikuwa zimemwanguka mchangani, uso umemwiva.

"Hadija!" akarudia. "Hadija wa nyumba ya Remei!"

Yule mama wa foleni akaitikia, na mtoto wake. Montse akasimama juu ya kiti. Halafu wote, wavuvi, wazee waliokuwa wakinywa kivulini, watoto niliowalea ambao sasa walikuwa na ndevu, wakaita jina alilonipa baba yangu, wengine wakilikosea, wakaita na kuita. Remei hakuniachia upesi. Haramia mwema huachia baada ya kuombwa kidogo. Yeye aliwaacha waite mpaka sauti zikaanza kukauka, na mkaa wa masharubu ukawa unamchirizika kwa machozi. Nami niliyekuwa nimeapa kwamba watu wale hawataliona chozi langu, nililia mbele yao wote, nimeshika dagaa asiye na kichwa.

Nilikaa kwenye kiti kile kila mwaka mpaka nilipostaafu. Remei tulimzika kabla sijaondoka.

Wafula, umesema kazi ni kazi. Nenda, mwanangu, sitakuzuia, na Mungu akufikishe. Lakini huko utakakoshuka jifunze kazi moja mpaka mikono yako ijulikane, na kaa karibu na watu wanaoifanya, hata siku wanapokukosea. Siku moja utashikwa mkono mbele ya watu, na haitakuwa mchezo. Siku hiyo hutaweza kujikomboa mwenyewe; ni lazima mtu mwingine alijue jina lako, na alitaje.